Kisigino Kinapouma Hatua ya Kwanza ya Asubuhi

Unashusha miguu kitandani saa kumi alfajiri ili ujiandae kwa zamu ya asubuhi. Unakanyaga sakafu, na unasikia kitu kinakuchoma kisiginoni kama msumari. Unashika ukuta, unachechemea hadi bafuni, na baada ya hatua ishirini au thelathini maumivu yanapungua. Unafika kazini ukidhani yamekwisha. Jioni, unaposhuka kwenye gari baada ya kukaa nusu saa, yanarudi.

Kama hali yako ni hiyo, somo hili ni lako. Malalamiko haya nayasikia mara nyingi kwa akina mama wanaosafisha vyumba vya hoteli, kwa vijana wa maghala, na kwa wazee wetu waliopata kazi kwenye viwanda vya nyama. Wengi wanakuja wakiwa tayari wamepewa jina la ugonjwa na jirani: "Una mfupa umeota kisiginoni, lazima ukatwe." Wapo walioacha kazi kwa sababu ya maneno hayo, kabla hata ya kumwona daktari. Kwa hiyo tuanze na huo mfupa.

Ni kweli kwamba mfupa wa kisigino unaweza kuota kijipembe kidogo upande wa chini, kikaonekana kwenye picha ya eksirei. Kwa Kiingereza utasikia wakikiita kitu kama "hil spa". Lakini mara nyingi si hicho kinachouma. Chama cha madaktari wa upasuaji wa mifupa cha Marekani huwaeleza wagonjwa kwamba karibu mtu 1 kati ya 10 ana kijipembe hicho, na kati ya hao wenye nacho ni 1 tu kati ya 20 anayesikia maumivu. Maana yake ni kwamba wengi wanatembea nacho maisha yao yote bila kujua.

Kinachouma ni utando mgumu ulio chini ya wayo. Umeshikizwa kwenye mfupa wa kisigino na unakwenda hadi kwenye mizizi ya vidole, kama kamba ya upinde. Kila unapokanyaga, kamba hiyo inavutwa. Ikivutwa kupita kiasi siku baada ya siku, inachanika vichaniko vidogo sana pale inaposhikana na mfupa, na pale ndipo panapouma. Usiku ukilala, utando unajikunja na kukaza. Asubuhi unaukanyaga ghafla kwa uzito wa mwili mzima, unavutika tena, na ndiyo sababu hatua ya kwanza ni mbaya kuliko ya mia. Daktari atautaja ugonjwa huu kwa jina linalosikika kama "planta fashaitisi". Likariri hilo jina, litakusaidia.

Kwa nini sisi, na kwa nini sasa? Fikiria mtu aliyekaa kambini miaka mingi bila ajira. Alitembea, ndiyo, alibeba kuni na maji, lakini kwenye udongo, na alipochoka alikaa. Mtu huyo anafika Marekani, na baada ya miezi mitatu anasimama juu ya sakafu ya zege kwa muda wa saa 10, siku tano au sita kwa wiki, akiwa amevaa viatu vya msaada ambavyo mtu mwingine alishavichosha. Mwili haukupewa muda wa kuzoea. Ongeza uzito uliokuja na chakula cha huku, ongeza misuli ya kigimbi iliyokaza, na kisigino lazima kiseme. Walio kati ya miaka 40 na 60 ndio wanaopata zaidi, na wajawazito pia.

Kuna jambo lingine ambalo watu wachache wanalitaja. Sisi tunavua viatu mlangoni, na ni desturi nzuri. Lakini nyumba nyingi tunazopangishwa zina sakafu ya plastiki nyembamba iliyolazwa juu ya zege. Mama akitoka kazini anasimama hapo pekupeku akisonga ugali na kuosha vyombo, na kisigino hakijapumzika hata dakika moja. Tenga sandali safi za ndani, zenye soli nene yenye kuinua katikati ya wayo, ziwe kando ya kitanda. Mguu usiguse sakafu bila hizo. Ndala nyembamba za bafuni hazihesabiki.

Matibabu unayoanza nayo nyumbani

Dawa kubwa ya ugonjwa huu ni mazoezi ya kuvuta utando na kigimbi. Ni ya bure, na watu hawayaamini kwa sababu hiyo hiyo. Nakuomba uyape wiki sita kabla ya kuyahukumu.

La kwanza lifanye kabla hujashuka kitandani. Kaa ukingoni, weka mguu unaouma juu ya goti la mguu mwingine. Shika vidole vya mguu kwa mkono, uvivute kuelekea kwenye muundi wako mpaka usikie wayo umekaza. Kwa mkono wa pili gusa katikati ya wayo: ukiona kuna kitu kimekaza kama kamba ya gitaa, unafanya sawasawa. Shikilia kwa sekunde 10, achia, rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na usikose ile ya alfajiri. Kama mwili ni mzito au mgongo haukunji, nyoosha mguu kitandani, pitisha kanga iliyokunjwa chini ya vidole, na uvute ncha zake mbili kuja kwako.

La pili ni la ukutani. Simama ukitazama ukuta, mikono juu ya ukuta, mguu unaouma ukiwa nyuma. Goti la nyuma linyooke, kisigino kibaki chini, kisha kunja goti la mbele taratibu mpaka kigimbi cha nyuma kivutike. Sekunde 30, mara tatu. Hili unaweza kulifanya hata wakati wa mapumziko kazini.

Jioni chukua chupa ya maji ya plastiki, iliyogandishwa kwenye friza. Vaa soksi, kaa kwenye kiti, uiviringishe chupa chini ya wayo kwa dakika 10 hadi 15. Baridi inatuliza na chupa inakanda. Mwenye kisukari au mwenye miguu yenye ganzi asifanye hili bila kumuuliza daktari, kwa sababu barafu inaweza kumuunguza ngozi na asisikie. Kwa sababu hiyo hiyo asiweke matofali ya moto wala mchanga wa moto. Kuchanjwa chale kisiginoni sikushauri kwa mtu yeyote: utando uko ndani sana, wembe hauufikii, unachoacha ni kidonda mahali unapokanyagia. Kukandwa na mafuta hakuna shida.

Kuhusu viatu, ukishika kiatu na kukikunja katikati kama chapati, si kiatu cha kusimamia kazi. Kinatakiwa kikunjike kwenye vidole tu. Maduka ya dawa na maduka makubwa yanauza vikombe vya silikoni vya kuweka kisiginoni, na soli za ndani zenye kuinua wayo. Kwa wengi hizo zinatosha. Usikubali kuingia deni kwa soli za kutengenezewa maalumu kabla hujazijaribu za dukani. Weka miguu yote miwili, hata kama unaouma ni mmoja, la sivyo utatembea umepinda na kiuno kitaanza habari yake.

Sasa vidonge. Advil na Motrin ni dawa moja, ibuprofeni. Aleve ni ndugu yake. Diklofenaki uliyotumiwa kutoka nyumbani ni ndugu yao pia. Ukimeza mbili za ukoo huu kwa siku moja umezidisha, hata kama pakiti zina rangi tofauti. Kwa ibuprofeni ya miligramu 200 inayouzwa bila cheti, kiwango cha juu kwa mtu mzima ni vidonge 6 ndani ya saa 24, vimezwe na chakula, na visizidi siku 10 bila ushauri wa daktari. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, shinikizo la damu, anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au mwenye mimba ya wiki 20 na kuendelea, asimeze bila kuuliza. Na ujue kwamba kidonge kinanyamazisha maumivu ukiwa kazini, hakiponyi utando.

Uvumilivu unahitajika hapa. Zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 hupata nafuu ndani ya miezi 10 kwa njia hizi za kawaida. Miezi, si siku.

Ukimwona daktari

Usisubiri kama kisigino kimevimba na kuwa chekundu na una homa, kama ulianguka au kuruka na sasa huwezi kukanyaga, kama kuna ganzi, kama maumivu yanakuamsha usiku ukiwa umelala tu, au kama una kisukari na kuna kidonda chochote. Kijana anayeumwa visigino vyote viwili huku mgongo wake ukikakamaa kila asubuhi naye apimwe, huenda ni ugonjwa mwingine. Mtoto wa shule anayecheza mpira akilalamika kisigino, hilo ni tatizo la mfupa unaokua. Mpeleke, lakini usiogope.

Kwa maumivu ya kawaida anza na daktari wako wa familia, si chumba cha dharura, maana bili ya huko ni nyingine. Unapopanga miadi sema unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kisheria kukupa mkalimani bila malipo. Usimtoe binti yako shuleni akutafsirie. Mwambie daktari maumivu yalianza lini, kwamba hatua ya kwanza ndiyo mbaya, unasimama muda gani na juu ya sakafu gani, na mazoezi gani umeshafanya. Omba fiziotherapia. Akitaja sindano ya kotisoni, uliza faida na hatari: inaweza kutuliza kwa wiki kadhaa au miezi, lakini ikirudiwa rudiwa inaweza kudhoofisha utando hadi ukakatika. Upasuaji unafikiriwa kwa wachache, baada ya miezi mingi ya tiba nyingine kushindwa.

Kazi yako

Hapa ndipo familia inapoumia zaidi kuliko kisigino. Tafadhali usiache kazi kimya kimya. Ukiacha mwenyewe, kwa kawaida unaweza kukosa malipo ya watu waliopoteza ajira, na kodi ya nyumba haisubiri. Muombe daktari barua inayosema unachohitaji: kiti cha kukaa dakika chache kila baada ya muda fulani, mkeka wa mpira wa kusimamia, au kazi nyingine kwa wiki kadhaa. Barua iwe na tarehe ya mwisho, wasimamizi huikubali kirahisi zaidi. Baki na nakala.

Sheria ya mwaka 1990 ya watu wenye ulemavu inawataka waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi kumrekebishia kazi mtu ambaye hali yake inaingia kwenye sheria hiyo. Si kila maumivu ya kisigino yanaingia, lakini ombi la maandishi ni rahisi kulithibitisha kuliko malalamiko ya mdomo. Likizo ya ugonjwa ya sheria ya 1993, isiyo na malipo, hadi wiki 12, ni kwa aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo miezi 12 na angalau saa 1,250, na mwajiri awe na wafanyakazi 50 au zaidi. Mliofika juzi bado hamjaifikia. Kama unaamini kazi ndiyo imekuumiza, toa taarifa mapema na kwa maandishi, kwa sababu kila jimbo lina muda wake wa mwisho wa kudai fidia.

Ukija ofisini nikupangie miadi, njoo na viatu vyako vya kazini kwenye mfuko, kadi ya bima, na pakiti za dawa zote unazomeza, zikiwemo zilizotoka nyumbani. Zamu yako ikiwa ya mchana, piga simu asubuhi. Ikiwa ya usiku, tuma ujumbe wa sauti, nami nitaujibu.