Kiharusi: tuyaelewe maneno ya daktari



Tunapotembelea wagonjwa, mjini na shamba, mara nyingi tunaoneshwa cheti cha hospitali kilichofungwa vizuri ndani ya kanga, lakini nyumba nzima hakuna aliyekielewa. Nyumba moja ya Mkunazini tuliona herufi tatu: CVA. Watoto wa mgonjwa walikuwa wameambiwa maana yake ni ajali. Wakatuuliza, "Mama hakuanguka wala hakugongwa na gari, ajali gani hiyo?" Wakaamua kuwa hospitali imekosea, wakampeleka kwa mganga, na wiki tatu zikapita.

Herufi hizo zina maana ya ajali ya mishipa ya damu ya ubongo. Ndicho kiharusi chenyewe. Si ugonjwa wa moyo, ingawa wengi huvichanganya, na si upepo mbaya. Watafiti waliowahoji watu wa Dar es Salaam na Wilaya ya Hai, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008, walikuta kwamba watu wa Dar es Salaam ndio waliotaja zaidi mashetani na uchawi, na wale wa Hai walitaja zaidi sababu za kawaida. Kwa hiyo tusidhani haya ni mambo ya watu wa shamba tu.

Kiharusi kiko cha namna mbili. Cha kwanza, damu iliyoganda huziba mshipa na sehemu ya ubongo hukosa chakula chake. Cha pili, mshipa hupasuka na damu kuvuja. Kwa kumtazama mgonjwa tu huwezi kuvitofautisha kwa uhakika, na ndiyo sababu daktari wa Mnazi Mmoja akiomba picha ya kichwa, yaani CT skani, hatafuti kuwaongezea gharama. Aspirini humsaidia mwenye mshipa ulioziba, lakini yaweza kumdhuru anayevuja damu. Jirani mwema asiitoe mfukoni.

Daktari pia huuliza, "Mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?" Familia nyingi husikia hapo lawama, wakaficha au wakakisia. Lakini si lawama. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, tazameni saa na mwondoke. Sala na kisomo vinaweza kufanyika ndani ya gari.

TIA ni kiharusi cha mpito: dalili huja na kupotea, pengine kwa dakika chache. Hapa ndipo tunapopoteza watu, maana mgonjwa huamka, akanywa chai na kusema amepona. Hilo ni onyo, na kikubwa chaweza kufuata ndani ya siku chache. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Hemiplejia ni kupooza upande mmoja. Ubongo wa kushoto huongoza mwili wa kulia, na kwa watu wengi huongoza pia maneno. Ndiyo maana aliyepooza kulia mara nyingi hupata afasia, yaani kushindwa kuzungumza au kuelewa yanayosemwa. Hakurukwa na akili. Tumewahi kusikia watu wakigawana shamba la mgonjwa mbele yake, naye machozi yakimtoka. Mwambieni maneno mafupi, mpeni nafasi ya kujibu kwa kichwa au kwa mkono.

Likiandikwa agizo kwamba asipewe kitu kwa mdomo, si ukatili. Koo nalo huweza kupooza, na uji aliopewa akiwa amelala ukaingia mapafuni. Ngojeni muuguzi ampime kumeza kwanza.

Mwisho ni presha. Nambari mbili, kwa mfano 140 kwa 90, ni nguvu ya damu moyo unaposukuma na unapopumzika. Kufikia hapo au kuzidi, kwa vipimo vya kurudia, huhesabiwa kuwa ni presha ya kupanda, ambayo ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi. "Imeshuka" si "imepona": imeshuka kwa sababu ya vidonge. Katika ziara ya robo mwaka ijayo tunaomba kila kamati iende na daftari, iandike nambari hizo mbili na tarehe, na iulize vidonge vimebaki vingapi.