Mwenye Nyumba na Afya ya Wakazi: Somo kwa Temeke

Katika mazungumzo juu ya shinikizo la juu la damu na kisukari, hutajwa daktari, mgonjwa na lishe. Mwenye nyumba hatajwi, ilhali uwanja ni wake.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa shughuli hiyo. Temeke ina vikundi vingi vya jogingi. Hata hivyo, mbio za alfajiri barabarani huwafaa zaidi vijana. Mzee mwenye maumivu ya magoti na mama mwenye watoto wadogo hubaki nyumbani, nao ndio wenye haja kubwa.

Hao huweza kufikiwa palepale wanapoishi. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lina majengo Keko. NSSF nayo ilijenga nyumba Mtoni Kijichi. Mmiliki wa aina hii ana mambo matatu ambayo kikundi cha jogingi hakina: eneo la wazi baina ya majengo, uwezo wa kuweka taa, na orodha ya wakazi. Pale ambapo sehemu za jengo zimeuzwa, sheria ya mwaka 2008 huweka maeneo ya pamoja chini ya umoja wa wamiliki. Basi mkutano wao waweza kuamua kwamba kona moja isigeuzwe maegesho ya magari wala kibanda cha biashara.

Kiasi cha mazoezi kinajulikana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Yaani nusu saa, siku tano. Kipimo chepesi: aweze kuzungumza, asiweze kuimba. Siku mbili aongeze mazoezi ya kuimarisha misuli. Watoto wahitaji wastani wa dakika 60 kila siku.

Tahadhari ni hizi:

1. Mwenye shinikizo la 180/110 au zaidi amwone mtaalamu kwanza.
2. Atumiaye insulini apime sukari. Ikiwa chini ya 5, ale kitu cha wanga kabla ya kuanza.
3. Mwenye kisukari avae viatu, na akague nyayo baadaye.
4. Maumivu ya kifua au kizunguzungu: asimame mara moja, apelekwe kituo cha afya.
5. Dawa zisiachwe kwa sababu ya mazoezi.

Mhudumu wa afya, kabla ya kumwambia mgonjwa "fanya mazoezi", muulize: anaishi wapi, na nje ya mlango wake pana nafasi gani? Ikiwa haipo, mhusika wa kuzungumza naye ni mwenye nyumba.