Kiarabu ni Fardhi ya Mji: Somo kwa Watu wa Handeni na Korogwe

 

Katika vitabu vya fikihi ya Imamu Shafii mna mas-ala ambayo husomwa upesi yakapitwa, hali ya kuwa yawahusu khasa watu wa bara ya Tanga. Nayo ni haya. Hotuba ya Ijumaa ina nguzo tano, na sharti ya nguzo hizo ni kutamkwa kwa Kiarabu. Ikiwa katika mji hapana hata mmoja awezaye Kiarabu, wala haukupatikana wasaa wa kujifunza, basi yafaa mmoja wao ahutubu kwa lugha yao. Walakini ukipita muda ambao ndani yake kujifunza kuliwezekana, na asijifunze mtu, asema Khatib Shirbini, aliyekufa mwaka 977 wa Hijra, yaani 1570, katika kitabu chake Mughni al-Muhtaj, ya kwamba wote wameasi na Ijumaa hawana, watasali Adhuhuri. Na kujifunza huko ni fardhi ya kutoshelezana: akijifunza mmoja katika wale watu arubaini, amewatosha wote.

Tazama, ndugu msomaji, uzito wa jambo hili. Kiarabu hapa si pambo la wanavyuoni wala si fahari ya mwenye kilemba. Ni fardhi iliyo juu ya mji mzima, kama kumwosha maiti na kumzika. Hapana mji wa Waislamu utakaokubali maiti alale siku tatu kwa kuwa kila mtu amngoja mwenziwe aanze kumwosha. Na Kiarabu kimelazwa miaka mingapi katika vijiji vilivyo baina ya Mkata na Kwamkono, na baina ya Mombo na Magoma, vyenye misikiti iliyoezekwa vizuri na watu wengi siku ya Ijumaa?

Atasema mtu: khatibu wa kijiji ana kitabu cha hotuba, hufungua akasoma, na watu wakasali. Ni kweli, na akizitamka nguzo zake sawasawa hapana awezaye kuibatilisha hotuba yake. Lakini ikiwa mpiga chapa amekosea irabu moja, nani katika mji atakayemrudi? Hupokewa na wanavyuoni ya kuwa Abul Aswad ad-Duali, mtu wa Basra, aliyekufa mwaka 69 wa Hijra, alimsikia mtu akisoma aya ya tatu ya Sura ya Tawba, akalitia kasra neno rasuluhu, likawa rasulihi. Kwa irabu moja maana ikageuka, ikawa kana kwamba Mwenyiezi Mungu amejitenga na Mtume wake kama alivyojitenga na washirikina. Basi Abul Aswad akaona hapana budi kuwawekea watu kanuni za kusoma. Na kosa hilo lilitokea Iraki, mahali watoto walipozaliwa ndani ya Kiarabu.

Na jambo hili haliishi katika mimbari. Fatiha ni nguzo ya sala, na ndani yake, pamoja na Bismillahi, mna shadda kumi na nne. Kila shadda ni herufi, na aiachaye ameacha herufi. Neno iyyaka likisomwa bila shadda huwa lina maana ya mwangaza wa jua. Imamu Nawawi katika Minhaj ameihukumu kauli iliyo sahihi zaidi kuwa mwenye kuibadili dhadi kwa dhaa, kisomo chake hakikusihi. Tena akaeleza ummi ni nani. Watu hudhani kuwa ummi ni mtu asiyejua kusoma na kuandika. Katika mlango wa uimamu ummi ni yule aharibuye herufi au shadda moja ya Fatiha, wala asomaye vema hafai kumfuata. Kwa kipimo hiki, mtu aweza kuwa amekhitimu, amechinjiwa mbuzi, amevishwa kanzu mpya na kuzungushwa mji mzima kwa kasida, naye angali ummi.

Mtoto aliyekulia katika Kizigua au Kishambaa ulimi wake huiendea zai upesi kuliko dhali, na sini upesi kuliko thaa. Hilo si aibu, wala wa pwani asijione bora, maana naye ana makosa yake. Asiyeweza kabisa baada ya kujitahidi ana udhuru. Udhuru hana aliyeweza kufundishwa akaachwa, na dhambi ya mtoto kuachwa haimo shingoni mwa mtoto.

Wengi husema kuwa kusoma bila kufahamu ndiyo desturi ya wazee, na kwa hiyo isiguswe. Si hivyo. Zamani misafara ilipotoka Pangani ikapita nchi ya Wazigua, chuo na kazi vilikwenda pamoja. Kijana aliyejua herufi za Kiarabu aliweza kuandika kwa herufi hizo hizo waraka wa Kiswahili, hesabu ya deni, na wasia wa babake. Abdallah bin Hemedi al-Ajjemy, mtunzi wa Habari za Wakilindi, alikuwa mwandishi wa Semboja kule Mazinde. Maana ya Kurani hata zamani hizo walioijua walikuwa wachache, lakini kalamu ilikuwa hai mkononi. Khalafu wakaja Wadachi, ikafunguliwa shule ya serikali mjini Tanga katika miaka ya 1890, Kiswahili kikasomeshwa kwa herufi za Kirumi, na gazeti la Kiongozi likapigwa chapa huko kwa herufi hizo kabla ya vita vya 1914. Reli ilipofika Korogwe mwaka 1902, kazi ya ukarani ilikuwa imekwisha kuwa ya aliyetoka shule. Herufi za chuoni zikaondokewa na kazi zote za dunia, zikabaki za kutamka tu. Mtoto akawa na macho ya kuzitazama, asiwe na mkono wa kuziandikia wala akili ya kuzipa maana.

Tena mwaka 1977 ilipokamilishwa azma ya ilimu ya msingi kwa watoto wote Tanzania, asubuhi yote ikawa ya shule. Hilo ni jema, na atakayemzuilia mwanawe shule amemdhulumu. Lakini chuo kikasukumwa jioni, saa ambayo mtoto ana njaa, na mvua zikinyesha huko Handeni hutakiwa akafukuze nyani na ndege shambani. Saa zimepungua, na njia ya kusomesha imebaki ile iliyowekwa kwa ajili ya siku nzima.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947) aliona mapema ugonjwa huu. Katika Sahifa, aliyoianza mwaka 1930, na katika Al-Islah ya mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu watafute ilimu ya dini na ya ulimwengu pamoja, tena aliwaandikia kwa Kiswahili ili wafahamu. Na Sheikh Abdallah Saleh Farsy alipoitoa Kurani Takatifu nzima kwa Kiswahili mwaka 1969, mlango mkubwa ulifunguka. Baadhi ya watu wakasema: sasa Kiarabu cha nini? Hao wamesahau kuwa tafsiri humfahamisha mtu, lakini haisomwi badala ya Fatiha, wala haiondoi fardhi ile ya watu arubaini.

Sasa iangaliwe njia yenyewe ya kusomesha. Mtoto akimaliza Kurani, mwalimu mwenye hima humwingiza katika Ajurrumiyya. Ni kitabu kizuri. Lakini Ibn Ajurrum alikuwa mtu wa Fas, akafa mwaka 723 wa Hijra (1323), na wanafunzi wake walikuwa wakiomba maji na mkate kwa Kiarabu kabla hawajakifungua. Aliwapa kanuni za lugha waliyokuwa nayo. Mtoto wa Sindeni hupewa kanuni za lugha asiyokuwa nayo. Huhifadhi kuwa mubtada ni marfuu, na akiulizwa aseme kwa Kiarabu kuwa mlango u wazi, hunyamaza. Kosa si la kitabu. Kimetangulizwa mahali pake.

Kabla yake kuna mali ambayo mtoto anayo nyumbani, na walimu wengi huipita bila kuitazama. Kiswahili kimejaa maneno ya Kiarabu, na maneno hayo yana shina. Mtoto ajua kitabu, katibu na maktaba. Aonyeshwe kaf, ta na ba. Ajua hukumu, hakimu na mahakama. Aonyeshwe ha, kaf na mim. Ajua ilimu na mwalimu, jamaa na Ijumaa, safari na msafiri. Kwa mwezi mmoja ataanza kuyatambua maneno ndani ya Juzuu Amma kama mtu atambuaye nyuso za jamaa zake katika umati, na hapo hamu humwingia bila fimbo. Ila mwalimu awe macho, kwa kuwa maneno mengine yamehama. Sakafu kwa Waarabu ni dari iliyo juu ya kichwa. Kurani inaposema kuwa mali na watoto ni fitna, maana yake ni mtihani. Mwenye kushika fitina ya Kiswahili atadhani kuwa watoto ni wachongezi.

Fatiha na itangulie yote: neno kwa neno, matamshi yake, shadda zake na maana yake, na mtoto aiandike kwa mkono wake, kabla hajaambiwa asonge mbele. Akichukua miezi mitatu, hakuchelewa.

Yabaki mwalimu, na hapa ndipo wengi hukimbia. Aya ya 122 ya Sura ya Tawba yataka katika kila kundi wende baadhi wakatafute ilimu, kisha warejee kwa watu wao. Vijana wa Tanga wamekwenda Unguja, Misri, Sudani na Madina. Kurejea ndiko kuliko kwa shida. Husimama Tanga mjini au Dar es Salaam, kwani kijijini hawana chakula. Na wengine waliorejea walianza kwa ugomvi wa maulidi na hitima kabla ya kusahihisha Fatiha ya mtoto hata mmoja, wakajifungia mlango kwa mikono yao.

Basi wale watu arubaini wa Ijumaa na wahesabu. Kila mmoja akitoa debe moja la mahindi wakati wa mavuno, ni debe arubaini, yaani gunia sita na debe nne, na hicho ni chakula cha mwaka cha nyumba ya watu watano au sita. Mahindi hayo yaandikwe kwa jina la mwalimu, yawekwe chini ya mkono wa mtu mmoja mwaminifu, wala mwalimu asiwapeleke watoto kumlimia shamba katika saa za somo. Naye sharti yake iwe kusomesha Kiarabu jioni mbili kila juma, mbali na kisomo cha Kurani, na kila mwisho wa mwezi kuwasikiliza watoto Fatiha mbele ya wazee, pamoja na mzee yeyote atakaye kusikilizwa ya kwake.

Wallahu aalamu.