Nyanya Imenyauka, Majani ni ya Njano: Ni Maji au ni Mbolea?

Msimu huu simu nyingi ninazopokea zinaanza hivi: "Afisa, nyanya zangu zinageuka njano, nipige busta gani?" Ukimuuliza mtu amefukua udongo akaangalia unyevu, anakaa kimya. Picha ya jani moja imetumwa, busta ishanunuliwa, jibu linatakiwa kabla duka la pembejeo halijafungwa.

Leo tujifunze kusoma mmea wenyewe. Nitatumia nyanya kwa sababu ndiyo wengi mnalima kibiashara, lakini hoho na bilinganya zinafuata njia hiyohiyo kwa sehemu kubwa.

Kwanza angalia shamba, jani baadaye

Kabla hujainama kwenye mche mmoja, simama mwanzo wa shamba utazame tatizo limekaaje. Kama njano ipo kwenye bonde, au pale maji yanapotuama baada ya kumwagilia, fikiria maji kwanza. Kama ipo mwisho wa laini za matone tu, huenda maji hayafiki huko. Kama shamba zima limepauka kwa usawa, hapo mbolea inaanza kuingia kwenye mazungumzo. Na kama ni mche mmoja hapa, mwingine kule, jirani zao wazima kabisa, hilo mara nyingi ni ugonjwa au mdudu. Upungufu wa mbolea hauchagui mche mmoja ukauacha wa pembeni yake.

Maji: mmea unaweza kunyauka huku umesimama kwenye tope

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Mzizi unahitaji hewa. Udongo ukijaa maji kila wakati, hewa inatoka, mizizi inakosa pumzi na inashindwa kuvuta maji yaliyouzunguka. Matokeo yake mche unanyauka. Mkulima anaona mnyauko, anafungulia maji zaidi. Kesho yake hali ni mbaya zaidi, anaongeza tena.

Nyanya iliyozidiwa maji ina dalili zake. Vikonyo vya majani vinainama kuelekea chini, lakini jani lenyewe bado ni nene na lina maji. Majani ya chini yanakuwa njano. Shina karibu na ardhi linaanza kutoa vinundu vidogo, ambavyo ni mizizi mipya inayotafuta hewa. Ng'oa mche mmoja kwa adabu, usiuvute kama karoti: mizizi mizuri ni myeupe na migumu, iliyozama maji ni ya kahawia, laini, na wakati mwingine inanuka.

Nyanya yenye kiu ni tofauti. Jani linakuwa jembamba, limefifia rangi, ukilishika halina nguvu. Majani ya chini yanakauka na kuvunjika. Maua yanadondoka. Lakini angalizo: nyanya kulegea saa nane mchana kwenye jua kali si lazima iwe kiu. Rudi jioni saa kumi na mbili, halafu asubuhi mapema. Kama asubuhi imesimama vizuri, jua lilikuwa kali tu. Kama asubuhi bado imelala, una tatizo la kweli.

Kipimo hakina gharama. Chimba pembeni ya mche kina cha sentimita 15, chukua udongo kiganjani, ukamue. Maji yakitoka kati ya vidole, umezidisha. Ukishikamana kama tonge la ugali na kuacha unyevu mkononi, upo sawa. Ukimwagika kama unga, mwagilia. Udongo wa kichanga hautashikamana vizuri hata ukiwa na maji, kwa hiyo wenye mchanga muamini zaidi ubaridi na unyevu mnaousikia mkononi. Juu panaweza kuwa pakavu na vumbi huku sentimita 15 chini pamelowa kabisa, ndiyo maana nakataa kipimo cha kutazama kwa macho.

Wenye mfumo wa matone, msihesabu dakika bila kujua lita. Chukua vikombe vitatu, weka kimoja chini ya tundu la mwanzo wa laini, kimoja katikati, kimoja mwisho. Fungulia dakika 15. Tundu la lita 2 kwa saa linatakiwa kukupa nusu lita. Ukikuta mwanzo nusu lita na mwisho robo, huna haja ya busta: fungua mwisho wa laini utoe uchafu, safisha chujio, angalia kama tenki lako lipo juu vya kutosha. Nyanya kubwa yenye matunda kwa kawaida hunywa kati ya lita 1 na 2 kwa siku kutegemea joto. Mche mdogo hauhitaji hata nusu ya hapo. Mnaomwagilia saa moja nzima kila siku kuanzia mche unapohamishwa mpaka mavuno, sijui huo mpango mliupata wapi.

Kuna kijana mmoja, nusu eka ya nyanya, udongo mfinyanzi, mtaji wa mkopo wa kikundi. Nilipofika alikuwa ameshapiga busta tatu tofauti na kuweka CAN mara mbili ndani ya wiki mbili. Majani ya chini njano, mengine yameungua kingo. Tulichimba sehemu tano, zote tope. Tukasimamisha maji siku nne, tukachimba mifereji midogo kati ya matuta, kisha tukarudi kumwagilia kila baada ya siku mbili. Majani mapya yakatoka ya kijani bila kuongeza hata kisoda cha mbolea. Lakini ile CAN aliyoweka mara mbili ilibaki kwenye hesabu ya mkopo, na vishada vya kwanza vya maua vilikuwa vimeshadondoka. Marejesho ya mwezi wa kwanza aliyatoa kwa kuuza mbuzi.

Sasa mbolea: uliza jani ni la zamani au jipya

Ukishaondoa shaka ya maji, swali linalofuata ni moja: tatizo limeanzia chini au juu?

Kuna virutubisho ambavyo mmea unaweza kuvihamisha. Vikipungua, unanyang'anya majani ya zamani na kupeleka kwa watoto. Hivyo dalili zinaanza chini. Humo kuna naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu. Vingine vikishakaa kwenye jani havihami tena, kwa hiyo upungufu unaonekana juu kwenye majani machanga: kalsiamu, chuma, boroni.

Naitrojeni ikipungua, majani ya chini yanapauka yote, mishipa na katikati bila kubagua, na mche unadumaa. Hapo CAN, au urea kama udongo una unyevu na unafukia vizuri, inafanya kazi. Kisoda kimoja ni kama gramu 5. Weka mbali na shina kama upana wa kiganja, fukia, mwagilia. Ukizidisha, mche unakuwa kijani cheusi, majani mengi yaliyojikunja, unapendeza kupiga picha ila maua hayashiki.

Potasiamu ikipungua, kingo za majani ya chini zinaungua kama zimepitiwa na moto, na matunda hayaivi kwa usawa. Dalili hii inafanana na kuungua kwa chumvi ya mbolea iliyozidi. Tofauti utaiona chini: chumvi ikizidi mara nyingi utakuta ukoko mweupe juu ya udongo ukikauka, na kingo zinaungua siku chache baada ya kuweka mbolea.

Magnesiamu inachanganya wengi. Jani la chini linakuwa njano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe imebaki kijani. Hutokea sana mche unapobeba matunda mengi, na hasa kwa wale waliomwaga potasiamu bila kipimo, maana vinagombania mlango mmoja wa kuingilia. Chumvi ya magnesiamu salfeti gramu 200 kwenye solo ya lita 20, upige jioni, inasaidia. Ukiona mchoro huohuo wa njano na mishipa ya kijani lakini kwenye majani ya juu kabisa, hiyo ni chuma. Kabla hujanunua chuma, pima unyevu tena, kwa sababu udongo uliojaa maji au wenye pH kubwa unalifungia chuma lililopo tayari.

Fosforasi nitaipita haraka. Miche midogo ikiwa na zambarau chini ya jani mwezi wa Juni au Julai kule nyanda za juu, mara nyingi ni baridi imezuia mizizi. Joto likirudi nayo inarudi. Kama uliweka DAP au mbolea nyingine ya kupandia, vuta subira.

Kuoza kitako

Hili naliandikia peke yake kwa sababu linakula soko moja kwa moja. Tunda linaanza na doa la maji kwenye kitako, linakuwa jeusi, kavu, limebonyea. Aina za tunda refu kama Rio Grande zinaathirika zaidi. Dukani utaambiwa ni fangasi. Siyo fangasi. Ni tunda limekosa kalsiamu lilipokuwa dogo, wiki mbili za kwanza hivi baada ya ua kushika.

Lakini msikimbilie kununua kalsiamu. Kalsiamu husafiri na maji ndani ya mmea, na maji huenda zaidi kwenye majani kwa sababu majani ndiyo yanapumua sana. Tunda linapata kilichobaki. Ukiacha shamba likauke siku tano halafu ukalizamisha siku moja, umekata usafiri wa kalsiamu hata kama udongo umejaa kalsiamu. Ndiyo maana nikiona kitako kimeoza nauliza ratiba ya maji kwanza. Mwagilia kwa usawa, weka matandazo, punguza urea na SA wakati matunda yanashika. Kama pH ya udongo wako ni chini ya 5.5, chokaa ya kilimo iingie kabla ya msimu ujao. Wenye matone wanaweza kutumia kalsiamu naitreti, ila isichanganywe tenki moja na mbolea yenye salfeti au fosfeti. Inaganda, inaziba matundu, unarudi kwenye shida ya vikombe vitatu. Kupulizia kalsiamu juu ya majani kunasaidia kidogo sana, kwa kuwa haihami kutoka jani kwenda tunda. Tunda lililokwisha oza kitako haliponi, chuma utupe ili mche usilishe mzigo.

Zinazofanana na njaa lakini si njaa

Rasta: majani ya juu yanakuwa madogo, yamejikunja kuelekea juu, kingo njano, mche umedumaa. Ni virusi, huletwa na inzi weupe. Hakuna busta inayoondoa virusi. Ng'oa mapema, dhibiti inzi.

Majani ya chini kujikunja juu kama mrija huku yamebaki kijani, hasa baada ya kupogoa sana au jua kali, si rasta na hayapunguzi mavuno kwa maana yoyote ya kukutisha. Acha.

Majani machanga yamekuwa membamba, yamesokotwa kama kamba? Uliza solo ilitumika wapi mara ya mwisho. Kiuagugu cha 2,4-D kilichopigwa kwenye mahindi kikibaki kwenye solo, au kikapeperuka kutoka kwa jirani, nyanya inakiona mara moja. Tenga solo ya kiuagugu iwe yake peke yake.

Mnyauko bakteria ndio wa kuogopa. Mche wa kijani kabisa unanyauka ghafla, haurudi asubuhi, na udongo una unyevu wa kawaida. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, subiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, ni wenyewe. Ng'oa na mizizi, choma, usipitishe maji ya matuta hayo kwenda mengine, na usirudishe hapo nyanya, bilinganya, hoho wala viazi mviringo msimu unaofuata. Panda mahindi.

Jaribu kwenye miche kumi

Ukiwa na shaka kati ya mambo mawili, usitibu eka nzima. Funga kamba kwenye miche kumi ya mstari mmoja, ifanyie unachodhani, iache siku saba. Halafu linganisha na mstari wa pembeni. Usitazame jani lililokwisha kuwa njano au kuungua, hilo aghalabu halirudi. Tazama majani mapya yaliyotoka baada ya tiba. Na fanya jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha maji, mbolea na dawa siku moja, hutajua kilichosaidia.

Kabla ya msimu ujao pelekeni udongo ukapimwe, TARI Mlingano kule Tanga au SUA Morogoro, kupitia afisa ugani wa kata yako kama hujui pa kuanzia. Tembea shamba kwa zigizaga, chukua udongo sehemu 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ambayo haijabeba mbolea, toa nusu kilo mpaka kilo moja. Ruka kichuguu, ruka palipokuwa na zizi, ruka ulipochomea mabaki. Na usichukue sampuli muda mfupi baada ya kuweka mbolea, maana maabara itapima mbolea yako badala ya udongo.