Medali ya Mtakatifu Benedikto: Hirizi au Sala?



Vijana wapendwa, hapa Pemba sisi Wakatoliki tu wachache. Na kisiwa chetu kina sifa inayovuka bahari: ukitaja Pemba kule bara, wapo wanaowaza uganga kabla ya karafuu. Ndiyo maana vijana huuliza: "Frateri, nikivaa medali ya Mtakatifu Benedikto, mchawi hatanigusa, au siyo?" Kabla ya kujibu, tuisome kwanza medali yenyewe.

1. Imetoka wapi?

Mtakatifu Benedikto alizaliwa Nursia, Italia, mnamo mwaka 480. Herufi za msalaba wake zilijulikana Ulaya tangu zamani, ila maana yake ilisahaulika. Mwaka 1647, huko Bavaria, wanawake walioshtakiwa kwa uchawi walisema hawakuweza kuidhuru abasia ya Metten kwa kuwa ililindwa na msalaba. Watu wakatafuta, wakakuta herufi hizo zimechorwa ukutani, na maktabani kitabu cha mkono cha mwaka 1415 chenye ufafanuzi wake. Papa Benedikto XIV aliiidhinisha medali mwaka 1742.

Hii tunayoifahamu zaidi leo ni medali ya jubilei. Ilitolewa mwaka 1880 kwa abasia ya Monte Cassino, kuadhimisha miaka 1,400 ya kuzaliwa kwa Benedikto, na ilibuniwa na watawa wa Beuron, Ujerumani. Kumbe Beuron hiyohiyo ndiko alikotoka Padre Andreas Amrhein, mwanzilishi wa Wabenediktini wa St. Ottilien. Watawa hao ndio waliokuja kwetu mwaka 1888 na kuanza Pugu, kisha wakafungua Peramiho (1898) na Ndanda (1906).

2. Upande wa mbele

Benedikto ameshika msalaba mkono wa kulia na kitabu cha Kanuni yake mkono wa kushoto. Pembeni kuna kikombe na kunguru. Papa Gregori Mkuu anasimulia kwamba watawa waliochoshwa na uongozi wake walimtilia sumu. Alipokibariki chombo, kikapasuka. Safari nyingine kunguru alibeba mkate wenye sumu akautupa mbali. Maandishi ya kuzunguka yanaomba tuimarishwe na uwepo wake saa ya kufa kwetu. Yaani, medali haituahidi kwamba hatutakufa. Inatuombea tufe vizuri.

3. Upande wa nyuma

Kila herufi ni mwanzo wa neno la Kilatini:

- C S P B: Msalaba wa Baba Mtakatifu Benedikto.
- C S S M L (wima): tunaomba Msalaba uwe mwanga wetu.
- N D S M D (mlalo): joka asiwe kiongozi wetu.
- V R S N S M V – S M Q L I V B (kuzunguka): tunamfukuza Shetani na ushawishi wake, anachotupa ni kibaya, basi sumu yake ainywe mwenyewe.
- PAX (juu): Amani.

Umeona? Medali nzima ni sala. Ukiivaa bila kuisali, ni kama kubeba barua usiyoifungua.

4. Basi ni hirizi?

Hapana. Medali ni kisakramenti. Katekisimu (na. 1670) inafundisha kwamba visakramenti havileti neema kama Sakramenti zinavyoleta; kwa sala ya Kanisa vinatuandaa kuipokea. Namba 2117 inakataza kuvaa hirizi. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliwahi kulijadili jambo la kuvaa maneno matakatifu shingoni. Hakulikataa, lakini alionya kwamba tumaini likihamia kwenye namna ya kuandika au kufunga, hapo imekuwa ushirikina. Tumaini libaki kwa Mungu.

Historia yetu inathibitisha. Mwaka 1905, katika vita vya Maji Maji, wapiganaji waliamini dawa itageuza risasi kuwa maji, haikugeuza. Mwaka huohuo Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa pamoja na wenzake wanne. Kuwa mwana wa Benedikto hakukuzuia mkuki. Imani haikingi mwili na kila baya. Inatushika tusimwache Kristo baya likija.

Jambo la mwisho, na ni zito. Wanawake wale wa 1647 walikuwa washtakiwa, na kesi za namna ile ziliua wasio na hatia wengi. Nchini mwetu pia vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Kwa hiyo medali isikufanye umtazame bibi wa jirani kwa jicho la shaka. Juu yake pameandikwa Amani.

5. Zoezi la wiki

1. Mpelekee padre medali yako aibariki.
2. Kila asubuhi ishike, fanya ishara ya msalaba, kisha sali: "Bwana Yesu, msalaba wako uwe mwanga wangu leo. Amina."
3. Jiulize: sumu ipi naletewa katika kikombe kizuri? Simu? Kundi? Tamaa ya pesa ya haraka?
4. Nenda kaungame. Kitubio ni Sakramenti, na medali haiwezi kuchukua nafasi yake.

Mtakatifu Benedikto, utuombee!

Frateri wenu, Pemba