Kiungulia cha usiku: je, niache mawese?

*Daktari, nikila ugali wa muhogo na migebuka ya mawese usiku, kifua kinawaka moto kila nikilala. Niache mawese? – Msomaji, Kasingirima, Ujiji*

Pole sana. Kinachokuunguza ni asidi ya tumbo inayopanda kwenye umio. Mafuta mengi huchelewesha chakula kutoka tumboni, na ukilala umeshiba asidi hupata njia. Utasema wazee wa Ujiji wamekula mawese maisha yao yote. Kweli, na sikukatazi. Tatizo ni wingi wake na saa ya kula. Migebuka ichome au ichemshe, mawese yawe kijiko kimoja, punguza ugali, kisha kaa angalau saa 3 kabla ya kulala. Inua kitanda upande wa kichwani. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami au kifua kikikubana, nenda Hospitali ya Maweni mara moja, usisubiri kupambazuke.