Chakula cha Mwenye Ugonjwa wa Sukari

Somo letu la mwezi huu lahusu mwili, nalo lafaa lisomwe nyumbani mbele ya yule apikaye. Maana ugonjwa tunaotaka kuueleza, yaani ugonjwa wa sukari, hutunzwa jikoni kama utunzwavyo hospitalini.

Wengi hudhani ya kuwa ni ugonjwa wa matajiri wa mijini. Zamani hesabu zilikuwa karibu na mawazo hayo. Matabibu waliwapima watu wa vijiji kadhaa vya Tanzania, wakatangaza habari zao mwaka 1989: wenye ugonjwa huu hawakufika mtu 1 katika kila watu wazima 100. Lakini uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha watu wapatao 9 katika 100. Vipimo na umri wa watu havikuwa sawa katika hesabu hizo mbili. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno, isiweze kupuuzwa. Basi mtu wa Malindi, wa Mlalo au wa Lukozi asijione yu salama kwa sababu akaa milimani na kulima kwa jembe.

Kwanza tufahamu jinsi ugonjwa ulivyo. Ugali, ndizi, viazi, mihogo na wali, vyote vikiisha kusagwa tumboni hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Nyuma ya tumbo la chakula iko tezi iitwayo kongosho, nayo hutoa maji ya insulini yanayoiwezesha sukari hiyo kutoka katika damu na kuingia katika nyama ya mwili, iwe nguvu ya kufanya kazi. Kwa wengine, hasa watoto na vijana, kongosho hushindwa kutoa insulini. Kwa wengine, nao ndio wengi, insulini ipo lakini mwili hauitii, tena haitoshi. Basi sukari hubaki katika damu, ikaharibu polepole macho, figo na mishipa ya miguu. Mgonjwa huona kiu, hukojoa mara nyingi, hukonda, macho yake huingia ukungu, na vidonda vyake hukawia kupona. Wako pia wasioona dalili yoyote kwa miaka mingi. Hao hawajulikani ila kwa kupimwa damu. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika milimoli 7.0 kwa lita au kupita, na kikirudiwa kikawa vivyo hivyo, ugonjwa upo.

Kosa lililo kubwa kuliko yote ni hili: mtu aambiwapo ana ugonjwa wa sukari, huacha sukari ya chai, kisha huendelea kula mlima wa ugali akisema, “Ugali hauna utamu.” Ulimi hauonji utamu, lakini damu hauikosi. Mwingine huacha ugali wa mahindi, akala sahani mbili za ndizi au viazi, akidhani ameokoka. Hakuokoka, amebadili jina la chakula tu. Ugali haukukatazwa. Uliokatazwa ni wingi wake.

Kipimo ni rahisi, wala hakihitaji mizani. Chukua sahani moja. Nusu yake ijae mboga: mchicha, mnafu, majani ya maboga, kabichi, sukuma wiki. Robo iwe maharage, njegere, samaki, yai au nyama isiyo na mafuta mengi. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali au ndizi au viazi, kadiri ya ngumi yako mwenyewe. Unga wa dona wafaa kuliko sembe, kwa kuwa una makapi yanayoizuia sukari isiingie katika damu kwa haraka. Maharage yana sifa hiyohiyo, nayo si ya shida kwetu.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya mboga. Nchi yetu hii ya Usambara yawalisha watu wa Tanga na Dar es Salaam. Kabichi, karoti na pilipili hoho hupakiwa katika malori kila siku, na mkulima aliyezilima hurudi nyumbani kula ugali mwingi kwa mchuzi kidogo. Fedha zatakiwa, hilo hatulikatai. Lakini mwenye shamba la kabichi asiyekula kabichi ni wa kuhurumiwa, na mwenye ugonjwa wa sukari akifanya hivyo ajidhuru mwenyewe.

Matunda yetu, yaani plamu, peasi na fyulisi, mgonjwa aweza kuyala, moja moja, wala si kapu zima wakati wa msimu. Ale tunda lenyewe, asinywe maji yake yaliyokamuliwa, maana yaliyokamuliwa huingia katika damu upesi. Asali na miwa ni sukari, hata ikiwa asali ni ya msituni. Pombe ya boha ni ya miwa, nayo kwa mtu atumiaye dawa yaweza kuishusha sukari ghafula baadaye; na aiache.

Sasa tuingie katika jambo gumu, nalo ni chai. Milimani kuna baridi, na heshima ya mgeni ni chai tamu. Mwinjilisti azungukaye nyumba tano kwa siku moja, akiwekewa vijiko vinne katika kila kikombe, amekunywa vijiko ishirini kabla ya jua kutua. Akikataa, mama wa nyumba huona uchungu. Twashauri wenye nyumba wapike chai bila sukari na kuweka bakuli ya sukari kando, kila mtu ajitilie. Na katika sinia ya pamoja, kwenye matanga au arusi, mgonjwa akiomba sahani yake peke yake asihesabiwe kuwa ana kiburi. Mzee wa usharika akianza yeye, wengine hawatasengenya.

Lakini hatari iko upande wa pili pia. Atumiaye insulini au vidonge vya kushusha sukari asiruke chakula, wala asifunge bila kumwuliza daktari. Akipanda mlimani kulima tangu asubuhi bila kula, sukari yaweza kushuka chini ya 4: hutetemeka, hutoka jasho, huwa mkali, husema maneno yasiyoeleweka, hata watu wakamdhania mlevi. Apewe upesi vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, apumzike dakika 15, apimwe tena kama kipimo kipo. Asipopata nafuu apewe tena, kisha ale chakula. Akiwa amezimia asitiliwe kitu chochote kinywani. Apelekwe hospitali mara moja. Kwa hiyo yule asiyetaka sukari katika chai yake yampasa kuwa na sukari kidogo mfukoni aendapo shambani.

Hata hivyo chakula peke yake hakitoshi kwa wote. Kabla ya mwaka 1922 mtoto mwenye ugonjwa huu hakuwa na dawa. Matabibu walimnyima chakula karibu na njaa ili aishi miezi kidogo zaidi. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best waliipata insulini huko Toronto katika nchi ya Kanada, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akachomwa sindano, wa kwanza kutibiwa hivyo. Banting alizaliwa tarehe 14 Novemba 1891, mwaka uleule wamisionari walipofika Mlalo. Na siku yake ya kuzaliwa ndiyo siku ya ugonjwa wa sukari duniani.

Mzazi ambaye mtoto wake achomwa sindano asimwachishe kwa sababu ya majani au mizizi iliyosifiwa sokoni. Bila insulini mtoto huyo hufa, pengine katika siku chache. Na mwalimu wa kipaimara aliye naye darasani ajue jina la ugonjwa wake, amruhusu kula saa yake ya kula ifikapo, na kutoka nje anapobanwa na mkojo, bila kumwuliza mbele ya wenzake.